Mafunzo ya huduma ya kwanza kwa bodaboda, Hai: nikifika kwenye ajali nianze na majeruhi au nianze na umati?

KIJIWE KWA SADALA ameuliza:

Wakuu, salaam kwenu. Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kipo Kwa Sadala, wilaya ya Hai, pembeni ya barabara kuu ya Moshi–Arusha. Chama chetu kimetoa watu kila kijiwe waende kusoma huduma ya kwanza, na mimi ni mmoja wao. Tunasomea Boma Ng'ombe siku za Jumamosi. Walimu wanafundisha kwa vitendo: tunalazana kwenye mkeka, tunageuzana ubavu, tunafungana miguu kwa maboksi na vipande vya mbao. Nimelipenda somo hili kwa moyo wote, maana ajali ikitokea sisi ndio tunaofika wa kwanza. Trafiki hajafika, gari la wagonjwa halijafika, bodaboda tumeshafika.

Shida yangu ni hii. Darasani majeruhi ni mmoja, ametulia, na wahudumu ni wawili. Barabarani majeruhi wanaweza kuwa watatu na watu waliowazunguka hata arobaini. Majuzi pikipiki na Noah zilivaana kwenye mteremko wa daraja la Kikafu. Nafika, nakuta kijana amelala chali, mguu umekunjika mahali pasipo na goti. Mmoja anavuta helmeti, mwingine amemshika makwapa, mama mmoja anamnywesha maji ya chupa, vijana wanarekodi kwa simu, na kuna jamaa anapiga kelele tu "Mpakieni! Mpakieni!" Nikasema jamani subirini, mimi nimesomea. Nani asikie? Wakamkunja kwenye bajaji, mguu unaning'inia nje, hao wakaondoka naye. Nashukuru Mungu yupo hai, amelazwa.

Nauliza wenye uzoefu. Zile hatua tunazofundishwa (usalama, muite, angalia pumzi, zuia damu) nazifanyaje katikati ya watu arobaini? Nianze na majeruhi au nianze na umati? Halafu kuhusu glovu, mwalimu anasema ukikosa vaa mfuko wa nailoni mkononi. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, huku kwetu huioni tena. Tutumie nini?


SUKA WA ZAMANI amejibu:

Kijana, hongera kwa kusoma. Nimeendesha Kosta ya Moshi–Arusha miaka mingi mpaka nikastaafu. Nitaongea ya barabarani tu, ya matibabu nawaachia wenyewe.

Kabla ya majeruhi na kabla ya umati kuna gari linalokuja. Hapo Kikafu lori linashuka na mzigo, dereva anatokeza anakuta watu wamejaa njia nzima, breki hazimtoshi. Ajali ya pili huwa inaondoka na wale waliokuja kusaidia. Kwa hiyo mtu wako wa kwanza mtume akavunje matawi, ayalaze barabarani pande zote mbili, na ayapeleke mbali. Nimeona mara nyingi watu wanaweka matawi hatua kumi kutoka kwenye ajali. Hatua kumi ni za nini kwa lori lililobeba saruji? Kwenye mteremko hata mita mia moja ni karibu. Kila dereva wa nchi hii akiona majani yamelala kwenye lami anajua mbele kuna jambo, anakanyaga breki bila kuuliza. Usiku matawi hayaonekani mapema, hapo waweke wenzako wenye riflekta na tochi, wasimame nje ya lami, wapunge mkono juu chini.

La pili, zimeni injini na swichi za vyombo vilivyogongana. Ukinusa petroli, sigara marufuku, na mtu yeyote anayekuja na dumu arudishwe. Mnaikumbuka Msamvu pale Morogoro, Agosti 10, 2019. Lori la mafuta limepinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, waliofariki wakazidi mia moja. Tanki la pikipiki ni dogo lakini petroli ni ile ile.

Na kama nguzo ya umeme imegongwa, waya upo chini, usisogee. Hata kama mtu analia mbele yako. Kwanza umeme ukatwe.


NESI WA DHARURA, MOSHI amejibu:

Mdogo wangu, pole kwa ulichokiona Kikafu, na asante kwa swali. Mzee Suka shikamoo, umesema yote ya barabara, mimi sitarudia. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura hapa Moshi. Hizo bajaji na Noah zikifika na majeruhi, sisi ndio tunaofungua mlango. Nitakujibu kutoka hapo mlangoni.

Anza na umati, lakini kwa nusu dakika tu, na usianze kwa kuwafukuza. Watu wa kwetu hawafukuziki kwenye ajali, wamekuja kwa huruma na wanataka kushika kitu. Usipowapa kazi wataichagua wenyewe, na wanayoichagua ni ile uliyoiona: kuvuta, kunyanyua, kunywesha maji. Kwa hiyo wape kazi. Ukisema "jamani" kila mmoja anadhani anaambiwa mwenzake. Mguse mtu bega, mtazame machoni, muite kwa alichovaa. "Kaka mwenye fulana nyekundu, piga 112, ukimaliza njoo uniambie wamejibu nini." "Mama, naomba kitenge chako tumfunike." "Nyie wenye simu, washeni tochi, nimulikieni hapa kwenye paja." Kijana aliyekuwa anarekodi ukimpa kazi ya taa, ameacha kurekodi na wewe umepata mwanga. Na yule jamaa wa "mpakieni" ndiye wa thamani kuliko wote, ana sauti. Mwambie, "Baba, wewe wanakusikia. Naomba warudi nyuma hatua tano, na unitafutie gari ambalo mtu anaweza kulala." Umempa heshima na umempa gari la kutafuta. Hatapiga kelele tena.

Mtu akibanwa ndani ya gari, namba ni 114, Zimamoto na Uokoaji. Kwa mjamzito, mzazi aliyejifungua au kichanga kuna 115 ya m-mama, ule usafiri wa dharura. Hizo ziandikeni kwenye kibao cha kijiwe.

Sasa majeruhi. Wakiwa zaidi ya mmoja, anayelia kwa sauti anapumua, mwache kidogo. Nenda kwa aliyenyamaza. Na ukiona mahali damu inatiririka au inaruka, hapo simama, usiende kwingine. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika zinatosha dakika chache. Hakuna ambulansi itakayotoka mjini ikawahi dakika hizo Kwa Sadala. Utawahi wewe.

Kandamiza. Khanga, fulana, kitambaa chochote kilicho safi kuliko vingine, weka juu ya jeraha, nyoosha mikono, egemea kwa uzito wa mwili. Usifunue kila mara kuangalia kama imekata, ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Jeraha likiwa kwenye kinena au kwapa na lina shimo, sokomeza kitambaa ndani mpaka pajae, halafu kandamiza juu yake. Anaumia, ndiyo. Zungumza naye, endelea kukandamiza. Kama kuna chuma au kipande cha kioo kimezama mwilini usikichomoe, zungushia vitambaa pembeni yake kisitikisike.

Mguu au mkono ukiendelea kumwaga damu hata baada ya kukandamiza, hapo ndipo unakaza juu ya jeraha. Hili naomba mlishike vizuri kwa sababu tunapokea mengi yaliyofungwa vibaya. Tunapokea paja limefungwa kamba ya viatu, waya, mpira wa kufungia mizigo kwenye keria. Kamba nyembamba inakata nyama na haifiki kwenye mshipa wa ndani. Baya zaidi ni iliyokazwa nusu. Mishipa inayorudisha damu kwenye moyo ipo juu juu na ni laini, inazibika mapema. Mishipa inayoleta damu ipo ndani na ina nguvu, inaendelea kusukuma. Damu inaingia mguuni, haina njia ya kurudi, inatokea kwenye jeraha. Mfungaji anaona inamwagika kuliko mwanzo, anashangaa, na mimi nikifungua naona kwa nini.

Tumia kitambaa kipana, upana wa vidole vitatu, mara nyingi khanga iliyokunjwa inatosha. Funga juu ya jeraha kwa umbali wa vidole vinne, upande wa moyo. Goti na kiwiko viruke, panda juu yake. Piga fundo moja, laza spana juu ya fundo (nyie bodaboda hamkosi spana chini ya siti), piga fundo la pili juu ya spana, zungusha. Endelea kuzungusha mpaka damu isimame kabisa, halafu fungia spana isirudi nyuma. Majeruhi atakuomba ulegeze kwa jinsi inavyouma. Usilegeze. Andika saa mliyofunga, kwenye ngozi yake, kwa kalamu ya maka. Nikiiona saa hiyo najua daktari wa upasuaji ana muda gani.

Maji ya kunywa, hapana. Soda, hapana, hata ile wanayosema inaongeza damu. Aliyepoteza fahamu maji yanaingia kwenye mapafu. Mwenye fahamu anaweza kuhitaji upasuaji saa hiyo hiyo, na tumbo likiwa limejaa dawa ya usingizi inakuwa hatari kwake. Midomo ikikauka mloweshee kwa kitambaa, basi.

Mfunikeni. Watu wanalisahau hili kwa sababu Moshi mchana kuna joto. Aliyepoteza damu akipoa, damu yake inashindwa kuganda, na hapo hata sisi tunapata taabu kuisimamisha. Jioni ya Julai huko Hai nyie wenyewe mnaijua. Kitenge chini, kitenge juu. Ukiona anahangaika, anaongea visivyoeleweka, jasho la baridi, ndani ya midomo na viganja vimepauka, mapigo yanakimbia na ni dhaifu, huyo anapoteza damu hata kama huioni nje. Inaweza kuwa tumboni. Huyo ndiye anayepanda gari la kwanza, siyo anayepiga kelele za mkono uliovunjika.

Glovu: nunueni boksi la kijiwe, kila mmoja akae na jozi mbili kwenye mfuko wa koti. Zikikosekana, mfuko wa mkate ni nailoni nzima na kila duka unao. Vaa mkononi, funga kifundo na mpira. Damu ikikuingia jichoni au kwenye kidonda osha kwa maji mengi yanayotiririka, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ueleze. Dawa za kukinga VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa ya mapema ina faida. Usione aibu wala usisubiri Jumatatu.


FUNDI GEREJI amejibu:

Dada Nesi, heshima yako. Sisi gereji mtu akikatwa na bati tunamwagia kahawa ya unga, damu inakata palepale. Wengine wanatumia petroli kuua wadudu. Wazee wetu wametumia na wamepona. Unasemaje?


NESI WA DHARURA, MOSHI amejibu:

Kaka Fundi, nakusikia, na huku Uchagani kahawa haikosekani, ndiyo maana tunaikuta kwenye vidonda kila siku. Kidonda kidogo kingekata chenyewe ndani ya dakika chache hata usingeweka kitu, sifa inachukua kahawa. Kidonda kikubwa kahawa inaoshwa na damu, na yule aliyekuwa anatafuta kopo la kahawa alitakiwa awe amekandamiza. Halafu sisi tunakaa kuiokoteza punje kwa punje kabla ya kushona, majeruhi akiumia, na ikibaki ndani kinatunga usaha. Petroli inaunguza nyama iliyo hai. Gereji ikae na bendeji pana na sabuni. Kidonda kidogo osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kandamiza, funga. Mtu akiungua na ekzosi au maji ya rejeta, maji ya bomba yatiririke juu yake dakika ishirini. Siyo dawa ya meno, siyo yai.


GUIDE WA MARANGU amejibu:

Habari zenu. Mimi ni muongoza wageni mlimani, naongezea kuhusu kubeba, maana bajaji ya kumkunja mtu imeniuma kuisoma.

Kilimanjaro tunashusha mgonjwa kwa machela ya gurudumu moja, kutoka Kibo mita 4,720 mpaka Horombo mita 3,720, wakati mwingine usiku wa manane, kwa sababu mtu ambaye mapafu au ubongo umevimba kwa mwinuko dawa yake kubwa ni kushuka. Hasubiri asubuhi. Njia ni mawe. Kinachotuokoa siyo nguvu, ni kwamba anayeongea ni mmoja. Aliyeshika kichwa ndiye anayetoa amri, wengine wote kimya, hata kama kuna mzee kuliko yeye kwenye timu.

Barabarani fanyeni hivyo hivyo. Mtu aliyegongwa na chombo chukulia kwamba shingo na mgongo vina jeraha mpaka hospitali iseme vinginevyo. Mmoja apige magoti kichwani, ashike pande zote mbili za kichwa na shingo, viganja masikioni, asimwachie mpaka mwisho. Wengine watatu upande mmoja: bega, nyonga, magoti. Mwenye kichwa anasema "Nikisema tatu. Moja, mbili, tatu," wanamgeuza kama gogo, mwili mzima kwa pamoja. Wa tano anatelezesha ubao chini. Ubao unaweza kuwa mlango, benchi la mama ntilie, ngazi iliyotandikwa blanketi. Halafu hesabu nyingine ya kunyanyua. Kama hamna kitu kigumu, blanketi au shuka nene, watu watatu kila upande wakunje pindo mpaka karibu na mwili wake, wanyanyue kwa pamoja. Mikono na miguu tu kama mnabeba gunia, hapana.

Mguu uliovunjika ufungwe kabla ya kunyanyua. Boksi la maji ya chupa likunjwe, lipite chini ya mguu, livuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, fungeni kwa vitambaa bila kukaza kwenyewe palipovunjika. Baadaye shika vidole vya mguu. Vikiwa vya baridi au hasikii ukivigusa, mmekaza mno, legezeni kidogo.

Gari: pikapu au Noah iliyolazwa viti. Mmoja apande naye, akae upande wa kichwa. Na dereva aendeshe kwa utulivu. Nimeona watu wanawasha taa za hatari wanakimbiza 120, majeruhi anarushwarushwa nyuma na jamaa zake wanapiga honi tu.


KIJIWE KWA SADALA ameandika tena:

Shikamoo Mzee Suka, shikamoo dada Nesi. Kaka Guide na Fundi nawashukuru. Nimeyanakili yote, Jumamosi nayapeleka darasani.

Nina matatu yamebaki. Moja, helmeti: ivuliwe au isivuliwe? Kijiweni tumebishana mpaka tukakasirikiana. Pili, CPR. Tumejifunza kwenye mdoli, lakini mtu halisi aliyegongwa na gari nikianza kumkandamiza kifua, mbavu si zitavunjika? Na nikiifanya akafa, ndugu si watasema nimemuua mimi? Tatu, wenzangu wengi wanaogopa kubeba majeruhi kwa sababu ya polisi. Wanasema lazima upite kituoni kwanza kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa.


NESI WA DHARURA, MOSHI amejibu:

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalochelewesha watu. Kwenye dharura matibabu yanaanza, PF3 inafuatiliwa. Ndugu mmoja au mwenzako wa kijiweni aende kituoni wakati majeruhi anakwenda hospitali. Usipite polisi na mtu anayevuja damu. Hofu ya wenzako naielewa, kwa hiyo msiende mmoja mmoja, muwe wawili, chukueni namba za simu za watu wawili walioona, na kama mtu anataka kupiga picha basi apige vyombo vilivyokaa na alama za barabarani. Sura ya majeruhi asiipige. Mama yake asimwone kwenye WhatsApp kabla hajaambiwa.

Helmeti. Kama anapumua vizuri, mdomo unaonekana na hatapiki, fungua kioo cha mbele, mwache nayo, shikeni kichwa kama Guide alivyosema. Kama hapumui, au anakoroma, au mdomo umejaa damu na hufikii, ivuliwe, kwa sababu mtu aliyekosa hewa ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika nne mpaka sita. Shingo inalindwa kwa mtu anayepumua. Ila ivuliwe na watu wawili. Mmoja anaingiza mikono kwa chini, anashika taya na kisogo, anabeba uzito wa kichwa. Mwingine anakata au kufungua mkanda, anapanua helmeti pande zote mbili kwenye masikio, anaivuta taratibu kuelekea juu ya kichwa akiinamisha kidogo ipite pua, kisha kisogo. Wa chini haachii hata sekunde moja, maana helmeti ikitoka kichwa kitataka kuanguka. Fanyieni mazoezi hayo Jumamosi hii, kila mmoja awe juu na kila mmoja awe chini. Helmeti mnazo wenyewe.

Helmeti ikishatoka, hewa. Usimpinde kichwa nyuma kama kwa mtu aliyezimia tu nyumbani. Kaa kichwani kwake, vidole nyuma ya kona za taya pande zote mbili, sukuma taya mbele. Ulimi unafuata taya, koo linafunguka. Damu au matapishi vikimjaa mdomoni, mgeuzeni ubavu wote pamoja, vitoke. Kuna vijana wanafika kwetu mguu umefungwa vizuri, damu imezuiwa vizuri, na walikuwa wamelazwa chali njia nzima damu ya pua ikiingia kooni. Inaniuma sana hiyo, kwa sababu kilichotakiwa ni mkono wa mtu mmoja kumgeuza.

CPR. Muite, mguse bega, angalia kifua kwa muda usiozidi sekunde kumi. Haitikii na hapumui kawaida, anza. Zile pumzi za mwisho, mdomo unafunguka mara moja, kimya, unafunguka tena baada ya muda mrefu, usizihesabu kwamba anapumua. Kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, shuka sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukishuka acha kifua kirudi juu chote. Hesabu kwa sauti ili watu wasikie. Kila dakika mbili badilishaneni, maana uchovu unaanza kabla hujauhisi na mikono inaanza kushuka nusu. Kama umefundishwa kupuliza, 30 kwa 2. Kama hujui au hutaki, kandamiza tu bila kuacha. Mbavu zinaweza kuvunjika, ndiyo. Mbavu tunaziuguza. Na mtu ambaye moyo umesimama huwezi kumuua, tayari yupo upande ule, wewe unajaribu kumrudisha. Waambie ndugu hivyo kwa sauti wakati unafanya: "Moyo umesimama, nausukuma kwa niaba yake." Wakielewa unachofanya watakushikia taa.

Ila nikuambie ukweli wa kazi. Kwenye ajali, mtu ambaye moyo umesimama kwa kuishiwa damu, kukandamiza kifua bila kuzuia damu hakusaidii, hakuna cha kusukuma. Na mkiwa wawili na majeruhi watatu, msing'ang'anie mmoja asiye na mapigo huku mwingine damu inamwagika mnamwona. Hili ni gumu kwa moyo wa binadamu na darasani halisemwi vya kutosha. Mahali CPR yako itafanya kazi kubwa ni kwa baba anayeanguka ghafla sokoni hapo Kwa Sadala siku ya gulio, hajagongwa na kitu. Huyo usimwache. Na aliyetolewa mtoni Kikafu, huyo anza na pumzi tano, kwa sababu kilichomsimamisha ni kukosa hewa.

Mkifika kwetu, msimtupe kwenye machela mkaondoka. Nipe sekunde ishirini. Saa ngapi imetokea, imetokeaje, umeona nini, umefanya nini. "Saa kumi na mbili na robo, pikipiki na Noah, alirushwa, alipoteza fahamu kidogo akazinduka, paja la kulia tumekaza saa kumi na mbili na nusu, hajanywa kitu." Nikipata hayo nafanya kazi nusu saa mbele ya mahali ambapo ningeanzia.


SUKA WA ZAMANI amejibu:

Marahaba kijana. Hiyo ya kumwambia saa imenigusa, sisi madereva tulikuwa tunashusha majeruhi tunarudi barabarani bila kusema neno. Begi la vifaa mtaliweka wapi? Likikaa kwa mwenyekiti amelifungia nyumbani, halina faida.


KIJIWE KWA SADALA ameandika:

Mzee, tumeshaongea na mama anayeuza chai hapo kijiweni, yeye anafungua alfajiri na kufunga usiku. Begi litaning'inia ukutani kwake, na benchi lake refu amekubali liwe ubao wa kubebea. Wapo watu wa zamu ya usiku wawili, wao watalibeba kwenye keria. Ndani tutaweka glovu, khanga mbili kuukuu zilizofuliwa, bendeji pana, mkasi, boksi lililokunjwa, tochi na riflekta mbili.


NESI WA DHARURA, MOSHI amejibu:

Ongeza kalamu ya maka, na blanketi moja. Mkasi uwe ule mkubwa wa kukata nguo nzito, jinzi haikatiki kwa mkasi wa shule. Na kila mnapotumia glovu, anayerudisha begi ndiye anayejaza, siku hiyo hiyo.